Nilivyolinda Chungu cha Komoni

Kijana anayepanga chumba cha uani hapa kwangu Kihonda ameanza kutengeneza bia. Hauzi. Anatengeneza tu, anakunywa na wenzake wawili Jumapili, kisha wanasifiana. Ana ndoo nyeupe ya plastiki yenye mfuniko, kibomba kidogo juu kinachopumua, na ubavuni amebandika kipima joto kama ndoo ni mtoto mwenye homa. Wiki iliyopita alipata msiba Gairo, akaja kunigongea. Baada ya shikamoo ndefu kuliko kawaida yake akaniomba nimwangalizie ndoo siku mbili: joto likipanda niizungushie kitambaa cha maji, likishuka niifunike shuka. Kazi ya mtoto, alisema.

Nikaenda kuiona. Kabla sijaifikia, harufu ikanipokea mlangoni: harufu ya nafaka inayogombana na maji, tamu kidogo, kali kidogo, na chini yake kitu kama mkate uliosahauliwa juani. Nilikaa kwenye kreti lake la soda kama mtu aliyepigwa ngwala. Nikamwambia, mwanangu, tafuta mtu mwingine. Mimi kazi ya kulinda pombe iumuke niliacha nikiwa na miaka tisa, na ile siku moja niliyoifanya nusura nivunje ukoo.

Wenzangu wa rika langu, mliokulia vijijini, mnajua kwamba mtoto wa miaka tisa zamani alikuwa mtu mzima aliyechelewa kurefuka. Uliachiwa nyumba, kuku, mdogo wako, na moto jikoni. Hakuna aliyekuuliza kama unaweza. Mimi niliachiwa chungu.

Tulikuwa tumetoka Dakawa, mama na mimi. Baba alioa mke wa pili, na yule mke wa pili alikuwa na sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya mifereji ya mpunga, basi mama akafunga sufuria zake mbili, jembe na mablanketi, akanishika mkono. Dakawa ya utoto wangu ilikuwa na joto ambalo, bila kutia chumvi, kuku walitaga mayai yaliyochemka. Kule mama alikuwa fundi wa komoni. Alipika uji mzito wa mahindi, akaupoza, akachanganya kimea cha ulezi, akaacha chungu kwenye kona na gunia moja juu yake. Kesho yake asubuhi kilikuwa kinachemka chenyewe bila moto, povu likikimbilia mlangoni. Pombe ya Dakawa haikuhitaji kulindwa. Ilihitaji kuzuiwa.

Tulipanda kwao Mgeta, juu milimani. Ukifika Mlali unadhani umefika, kumbe ndiyo kwanza unaanza kupanda, na kila kona ya njia unavaa nguo nyingine. Nilikuwa sijawahi kuona ukungu. Kule uliingia nyumbani bila hodi, ukakaa jikoni, ukatuangalia tukila. Maneno yalikuwa yakigandia mdomoni. Ukitaka kumwambia mtu jambo ilibidi kwanza uote moto ili liyeyuke.

Lakini palikuwa kwetu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mama hakurudi kuomba. Alirudi kuchukua kipande alicholima marehemu bibi yangu, ngazi tatu za shamba kwenye mteremko chini ya nyumba. Tatizo ni kwamba kipande kilikuwa kimelala miaka, kimeota vichaka vya kumficha ng'ombe. Na mkuu wa ukoo, Babu Mloka, mjomba wa mama, mzee mkavu mwenye koti lisilovuliwa, alisema neno lake mbele ya watu: shamba litalimwa kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Mvua ikilikuta halijaguswa jembe, linarudi kwa ukoo na anapewa mwenye nguvu.

Mwenye nguvu kila mtu alimjua. Alikuwa Damiani, mtoto wa Bibi Asteria. Na Bibi Asteria alikuwa mdogo wake marehemu bibi yangu, yaani mama mdogo wa mama, mwenye nyumba tuliyopakana nayo kwa ua wa mabua tu. Damiani alikuwa na mabega kama mlango. Alikuwa ameshapanda kabichi mpaka mpakani kwetu, na kabichi zenyewe, naapa, zilikuwa zinachungulia upande wetu.

Mama peke yake asingeweza kulima ngazi tatu za vichaka kabla ya mvua. Njia ilikuwa moja: kuita watu wa jembe na kuwapikia komoni. Si malipo, msije mkafikiri ni malipo. Ni desturi, na ina masharti yake. Asubuhi ya siku ya kulima chungu kinatolewa uani kikiwa kimefunikwa. Aliyekilinda wakati kinaumuka ndiye anayekunywa kwanza, machoni pa watu wote, ili ionekane hakuna baya lililoingizwa. Kisha mkuu wa ukoo anaonja, anamwaga kidogo ardhini kwa ajili ya waliotangulia, ndipo jembe linaruhusiwa kugusa udongo. Na waliotangulia hawapewi togwa. Togwa ni tamu, ni ya watoto. Komoni isipoiva ikabaki togwa, au ikiharibika, watu wanaweka majembe begani wanarudi makwao, na msimu huo huwaiti tena.

Babu Mloka akapanga Jumamosi. Mawingu yalikuwa yameshaanza kupangana juu ya mlima kama magunia ghalani.

Jumatano jioni mama alichanganya kimea, akaweka chungu kwenye kona, akakifunika gunia moja. Kama Dakawa. Alhamisi asubuhi akafunua, akatazama, akafunika. Baada ya muda akafunua tena. Nami nikachungulia chini ya kwapa lake. Uji ulikuwa umetulia kama kidimbwi, hata kiputo kimoja cha kusingiziwa hakikuwepo. Akachovya kidole akalamba, nikaona uso wake unabadilika. Nikachovya changu. Uji ulikuwa mtamu sana. Nikamwambia mama kuwa ni mtamu sana, nikidhani namfariji. Alinitazama mpaka nikaomba samahani bila kujua kosa.

Bibi Asteria aliingia bila kuitwa. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana kikohozi kifupi alichokitumia badala ya hodi. Kijiji kizima kilisema hakuna aliyepika komoni kumshinda, na wengine waliongeza kwamba pombe ya mtu asiyempenda haiivi. Alipiga magoti, akalaza shavu lake ubavuni mwa chungu, akafumba macho, midomo ikicheza polepole bila sauti. Nilisogea nyuma. Nilijua kabisa alichokuwa akifanya. Alikuwa anaongea nacho.

Akasimama akamwambia mama kwamba pombe imelala kwa baridi, kwamba hapa si Dakawa. Wakakihamishia karibu na mafiga, wakakizungushia mablanketi mawili, likiwemo la kwangu, na yeye akapanga moto: vipande viwili vya kuni, vidogo, visiwake sana wala visizime. Kipimo akakisema mara moja tu, na mpaka leo sijakutana na kipima joto kinachosema vizuri zaidi.

"Ukikiwekea shavu," alisema, "kisikuite wala kisikufukuze."

Ilipofika jioni ya Alhamisi chungu kilianza kunong'ona. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu tupande mlima. Lakini nilipokuwa nautafuta usingizi nilimsikia akijisemea kwamba hajui kwa nini mama mdogo anamsaidia, maana komoni ikiharibika shamba ni la mwanawe. Alikuwa akijisemea tu, kama watu wazima wanavyojisemea. Mimi nililiokota lile neno nikalala nalo.

Ijumaa alfajiri mama akapanda lori la mboga kwenda Mlali kutafuta dagaa, chumvi na mafuta ya kuwapikia wale watu. Aliniachia maagizo matatu. Kuni mbili, zikiisha weka nyingine mbili. Usifunue. Bibi Asteria akija kuangalia, mwache aangalie.

Nilikaa mbele ya kile chungu kama askari wa benki. Kilinong'ona, nami nikanong'ona. Nilikihadithia habari za Dakawa ili kisijisikie mgeni. Jua lilipokuwa limepanda, japo kule jua ni kusikia tu, kikohozi kikasikika, Bibi Asteria akaingia. Akalaza shavu. Midomo ikacheza. Halafu, mbele ya macho yangu, akachomoa kipande kimoja cha kuni akakizimishia majivuni, akavuta blanketi moja akalikunja akaliweka pembeni. Akaniambia niache hivyo hivyo. Akatoka.

Nikagusa chungu. Kwa vidole vyangu kilikuwa kibaridi. Nikaweka sikio, mnong'ono ulikuwa umepungua, au nilidhani umepungua. Nikachungulia kwenye ufa wa ukuta. Bibi Asteria alikuwa amesimama uani kwake na Damiani. Alimwambia kitu, na Damiani akacheka, akitazama upande wa shamba letu.

Kila kitu kilijipanga. Shavu, maneno ya chini chini, kuni kuzimwa, blanketi kuvuliwa, kicheko. Walikuwa wanakiua chungu cha mama yangu kwa baridi, na katika dunia nzima shahidi alikuwa mmoja, ana miaka tisa, amevaa sweta lililotoboka.

Basi nikapigana. Nilirudisha blanketi. Nikaongeza shuka, kitenge cha mama, gunia, kisha nikavua sweta langu nikakivisha chungu shingoni. Nikaweka kuni tatu. Nikaweka tano. Nikatoa mawe yaliyokuwa pembeni mwa moto kwa kuyasukuma na mwiko, nikayapanga kuzunguka kitako cha chungu. Chungu kikaamka. Mnong'ono ukawa maongezi, maongezi yakawa ugomvi, povu likasukuma mfuniko na kuteremka juu ya sweta langu. Nilicheza pale jikoni peke yangu. Nilimwona mama anarudi, ananibeba begani, Babu Mloka ananipa shamba langu mwenyewe.

Halafu kikanyamaza.

Hakikupungua polepole kama mtu anayesinzia. Kilinyamaza kama mlango uliofungwa. Nikasubiri. Nikaweka sikio, nikalitoa kwa kasi maana lilikaribia kuungua. Harufu nayo ilikuwa imegeuka. Ule ukali uliochekesha pua ulikuwa umeondoka, ikabaki harufu ya uji uliorudishwa motoni. Nikavuta kuni zote nje. Nikaondoa mawe. Nikakisemesha. Mkono wa sweta ulikuwa umeungua, nikauficha chini ya gunia.

Miaka mingi baadaye, kwenye masomo ya jioni, nikiwa mama wa watoto wawili nimebanana kwenye dawati la mtoto, mwalimu wa baiolojia alitufundisha kwamba chachu ni kiumbe hai: baridi inakilaza, joto likizidi linakiua, na mwenye kukitaka kifanye kazi akipe joto moja lisiloyumba. Darasa zima likaandika. Mimi nilinyoosha mkono nikasema, mwalimu, hao niliwahi kuwaua milioni mia kwa asubuhi moja. Walicheka sana. Siku ile ya Mgeta sikucheka.

Mama alirudi alasiri, ametapakaa vumbi, kichwani kapu. Kabla hajalitua alinusa. Akaja moja kwa moja akaweka kiganja kwenye chungu, akakiondoa kama aliyeng'atwa. Akaniuliza kimetokea nini.

Nikamwambia Bibi Asteria alikuja. Nikamwambia aligusa moto, akagusa na blanketi.

Kila neno lilikuwa la kweli. Ndiyo maana ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kutunga, nami nimetunga mwingi.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda uani, akamwita mama yake mdogo juu ya ua wa mabua bila kumwamkia. Kwetu huo peke yake ni ugomvi. Majirani wawili waliacha kupeta mchele. Bibi Asteria akaja. Walisimama pande mbili za chungu, mimi nikiwa nimejibana kwenye kona na kapu la dagaa.

"Mama mdogo," mama alisema, "kama Damiani analitaka shamba, si angekuja kuniambia? Chungu kimewakosea nini?"

Bibi Asteria alitazama mafiga. Alitazama vile vichwa vitano vya kuni vilivyokuwa vinafuka moshi nilipovitupa. Alitazama mawe, yangali meusi upande mmoja. Akatazama gunia, na kipande cha mkono wa sweta kilichochungulia chini yake. Mwisho akanitazama mimi. Nikaanza kuhesabu dagaa.

Nilijua amejua. Nilisubiri aseme. Angesema neno moja tu, na neno hilo lingekuwa haki yake.

"Tutagombana Jumapili, baada ya misa," alimwambia mama. "Leo kuna chungu. Leta maji, na usiyamwage juu yake, kitapasuka."

Nimeona mafundi wengi maishani. Nimeona mtu akifungua injini ya lori akiwa amefumba macho. Sijaona mikono kama ile. Alivua nguo zote nilizokivisha, akalowesha gunia, akalikamua, akalizungusha, akalitoa, akalilowesha tena. Kila mara analaza shavu, anafumba macho, midomo inacheza. Safari hii nilikuwa karibu, nikasikia. Alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Alikuwa anahesabu pumzi ambazo shavu lingeweza kukaa pale kabla ya kufukuzwa. Ilikuwa nne. Ikawa tisa. Ikafika mahali alihesabu mpaka thelathini akaacha, shavu lake limetulia kama la mtu aliyelala kwenye mto.

Hicho ndicho nilichokiita uchawi. Na kile kipande cha kuni cha asubuhi alikichomoa kwa sababu hesabu ilikuwa imeanza kupungua.

Akaenda kwake, akarudi na kibuyu. Ndani yake kulikuwa na machicha ya pombe yake mwenyewe, mazito, yanachemka polepole, yako hai. Alikuwa amepika kidogo kwa ajili ya Jumapili yake. Akakiweka kibuyu chini, na mama akasimama mbele ya chungu, mikono imepanuka kidogo kama anazuia kuku wasipite.

Naomba mfikirie alipokuwa amesimama. Mtu ambaye mama anaamini amemharibia pombe ndiye anayetaka kutia kitu kutoka nyumbani kwake ndani ya chungu kilekile, na kesho watu watakinywa. Asipotia, Jumamosi ni uji. Akitia na kikiwa kibaya, Jumamosi ni fedheha, au msiba. Radi ikapiga mbali, upande wa juu wa mlima. Sote tuliisikia. Hakuna aliyeinua uso.

"Ukiogopa, mwaga," Bibi Asteria alisema. "Lakini mwaga upesi, maana chungu hakitungoji."

Mimi nilikuwa na neno moja mdomoni. Neno lenyewe ni dogo, herufi nne. Nilifungua mdomo, ukungu ukaingia, nikaufunga. Mama alisogea pembeni.

Usiku ule siuelezi kwa sababu nililala. Ninachokumbuka ni kwamba kila nilipogeuka niliwaona wamekaa pande mbili za chungu hawasemeshani. Mmoja akisogeza kuni ndani, mwingine anasubiri, anaweka shavu, anasogeza kuni nje. Mama naye alikuwa ameanza kuhesabu.

Asubuhi mvua ilikuwa bado haijanyesha, lakini mlima wote ulikuwa umevaa kofia nyeusi. Watu wakaja na majembe na mapanga, wapata thelathini, na kwa macho yangu wapata elfu. Damiani alikuwa miongoni mwao. Ilibidi aje, ni ukoo. Akasimama nyuma, ameegemea mpini, hasemi na mtu. Maneno ya jana ya uani yalikuwa yameshatangulia kila nyumba. Hapakuwa na utani ule wa kawaida wa watu wanaosubiri pombe. Waliangalia chungu kikitolewa kama watu wanaoangalia mgonjwa akitolewa ndani kwa machela.

Babu Mloka alikaa kwenye kigoda. Akaagiza kifunuliwe. Povu lilikuwepo, jembamba, linapasuka polepole. Harufu ilikuwa na ukali wake, lakini nyuma ya ukali kulikuwa na kuungua, na Babu Mloka alikuwa na pua. Alinusa. Akachota kata moja, akaishika mkononi bila kuinywa.

"Nani alilinda chungu hiki?" aliuliza. "Aje anywe."

Mama alikuwa anamtazama Bibi Asteria, na macho yake yalikuwa yanasema: nenda basi, kama mkono wako ni safi. Watu thelathini wakageuka wakamtazama pia. Damiani akaacha kuegemea mpini.

Bibi Asteria akakohoa kile kikohozi chake kifupi. Akakaza kanga kiunoni. "Mimi," alisema, akanyoosha mikono yote miwili kupokea kata.

Hapo ndipo niliona vizuri, na sijui mtoto anaonaje vitu vikubwa kiasi hicho. Niliona kwamba akinywa, ile harufu ya kuungua itakuwa yake. Watasema fundi wa komoni amechoma chungu cha mtoto wa dada yake kwa sababu ya shamba, na watalisema mpaka azikwe. Naye alikuwa anakubali, kwa sababu sheria ilitaka mtu mmoja asimame ili jembe liende chini, na yeye alikuwa ndiye aliyesimama.

Sijui miguu yangu iliondokaje. Nilijikuta kati yao, kichwa changu kikifika kwenye mkono wa Babu Mloka.

"Siye yeye, babu," nilisema. "Ni mimi. Mama aliniachia mimi."

Na ilipoanza kutoka, ikatoka yote. Kuni tano, mawe, blanketi, sweta. Nikasema nilidhani bibi anakiua kwa baridi. Nikasema nilimwambia mama maneno ya kweli ili aamini uongo. Nilisema nikilia, na kamasi, na ninaposema nililia msifikiri machozi mawili. Wangeweza kumwagilia kabichi za Damiani. Hakuna aliyenikatiza. Sikuthubutu kumtazama mama. Nilisikia tu akivuta pumzi kama mtu aliyetiwa maji ya baridi mgongoni.

Babu Mloka alinitazama. Aliitazama kata. Akanyoosha kidole angani, kule kwenye kofia nyeusi, kama anayeomba muda. "Desturi haisemi mlinzi awe na umri gani," alisema. "Aliyelinda ndiye anayeonja. Kwa ncha ya ulimi."

Akaniinamishia kata. Nikatoa ulimi, nikagusa.

Ilikuwa chungu. Ilikuwa kali, ikaning'ata, ikapanda puani, na nyuma kabisa ilikuwa na moshi. Uso wangu ulijikunja wote kwa pamoja. Nikakumbuka kwamba watu wote wanasubiri, na kwamba nilichokuwa naulizwa ni kitu ambacho katika ua ule wote mimi ndiye niliyekijua kuliko wote, maana ndicho kinywaji changu.

"Hii siyo togwa, babu," nilisema.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha wawili. Kisha kicheko kikapita uani kote kama upepo kwenye mabua, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi tangu jana. Babu Mloka hakucheka. Alionja, akazungusha mdomoni, akasema imeungua lakini iko hai, na waliotangulia wamewahi kunywa mbaya zaidi. Akamwaga kidogo ardhini, akayasema majina polepole, la bibi yangu likiwa la mwisho.

Mama alichota kata ya pili. Nilidhani ataleta kwangu ili animwagie kichwani, na ningestahili. Alinipita. Alikwenda mpaka mbele ya Bibi Asteria, akapiga magoti yote mawili kwenye udongo, akampa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Bibi Asteria aliipokea. Alikunywa nusu. Kisha akageuka, akapita katikati ya watu mpaka nyuma kabisa, akampa mwanawe nusu iliyobaki.

Damiani aliishika ile kata. Alimtazama mama yake, akatazama ngazi tatu za vichaka kule chini, karibu kabisa na kabichi zake. Mimi niliacha hata kulia. Akainua, akainywa yote, akafuta mdomo kwa kiganja. Akachukua jembe lake akateremka bila kungoja wenzake, na ndilo lililoingia kwanza kwenye shamba la mama yangu.